Msimchoree bibi uso mpya

Msibani siku hizi lazima pawe na picha kubwa ya marehemu: kwenye fremu mbele ya jeneza, kwenye fulana, kwenye jalada la kijitabu cha wasifu. Akiwa ni bibi au babu, mara nyingi picha iliyopo ni pasipoti saizi moja, imekwaruzika na kupauka. Inapigwa kwa simu, inapitishwa kwenye programu ya akili unde ili "isafishwe", inarudi na rangi, ngozi nyororo na macho yanayong'aa. Vijana wanaipokea kwa furaha. Wazee wanaitazama na kunyamaza, kwa sababu aliyemo kwenye fremu wanamfananisha tu, hawamtambui.

Wazee hao wako sahihi, na inaniuma kuona wananyamaza.

Programu haiwezi kurudisha kitu ambacho hakimo kwenye picha. Chukua picha ya harusi ya sentimita 13 kwa 9, watu ishirini wamepangwa mbele ya nyumba. Uso wa mmoja una urefu wa milimita 5 hivi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp na kubaki na pikseli 1600 (vitone vinavyounda picha) upande mrefu, uso ule unabaki na pikseli 60 kutoka utosini hadi kidevuni, na jicho lina pikseli nane au tisa kwa upana. Hapo hakuna jicho la kusafishwa. Programu inachora jingine, kwa kufuata nyuso ilizofundishwa nazo. Vinavyofutika ni vilevile vinavyomfanya mtu awe yeye: mwanya, kovu la paji, chale za shavuni, kope moja iliyolegea. Mwanya unazibwa kana kwamba ni kasoro. Chale zinachukuliwa kuwa mikwaruzo ya karatasi. Ngozi mara nyingi inatoka nyeupe kuliko alivyokuwa.

Rangi nazo ni za kubuni. Picha nyeusi-na-nyeupe imehifadhi mwanga na giza tu. Nyekundu iliyokoza na kijani kilichokoza vinaweza kutoka kijivu kilekile. Bibi harusi wa pwani aliyejitanda kisutu anaweza kupakwa buluu, na mjukuu asijue kamwe kwamba ile ilikuwa nguo ya harusi yenye wekundu wake. Halafu kuna jina la kanga, maandishi yale ya chini ambayo kwa lenzi nzuri ya mkono bado yangesomeka, na ambayo shangazi akiyasoma tu anakumbuka kanga ile ilitoka lini na nani alizawadiwa. Programu inayageuza kuwa vijiti visivyo herufi. Kanga za zamani zaidi zenye herufi za Kiarabu ndizo zinazoharibiwa kabisa.

Nani anaumia? Mtu aliyefiwa na mama akiwa na miaka minne au mitano. Sura ya mama aliyonayo kichwani imeegemea karatasi ile moja. Mwekee toleo lililochorwa, aliangalie kila siku ukutani, na baada ya miaka michache ndilo atakaloliona akifumba macho. Umemnyang'anya kumbukumbu ya utotoni huku ukidhani unampa zawadi.

Nakubali, kufuta mkwaruzo uliopita kwenye ukuta nyuma ya mtu si kosa. Fanya hivyo kwenye nakala, jina la faili liishie na "imerekebishwa", na uso usiguswe.

Kinachotakiwa msibani kinawezekana bila kuchora chochote. Pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, inatoa pikseli 2100 na ushei kwa urefu. Ukiichapa A4 unapata kama pikseli 180 kwa inchi, na kwa picha inayotazamwa kutoka hatua mbili inatosha kabisa. Ukilazimisha A3 unashuka hadi 130, chembechembe zinaanza kuonekana. Ziacheni zionekane. Picha za ukubwa wa postikadi zinatosheka na dpi 600. Hifadhi faili la kwanza kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha; ukituma kwa ndugu litume kama hati, si kama picha, lisibanwe.

Kama skana haipo, weka picha mezani karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Spiriti na kitambaa chenye maji viweke mbali. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, kwa sababu tabaka la juu lenye sura ndilo litakalobaki kwenye kioo, iskani humohumo. Iliyong'ang'ania albamu ya gundi pitishia uzi wa meno chini yake polepole, ukianzia pembeni. Na laminesheni kamwe: joto na gundi vikishaingia havitoki.

Kabla ya yote hayo, igeuze. Nyuma huwa na mhuri wa studio, pengine na mwandiko wa mtu. Tarehe iliyochapwa kwenye ukingo mweupe kwa kawaida ni ya kusafishwa kwa filamu, si lazima iwe ya siku ya kupigwa. Mkanda ungeweza kukaa kwenye kamera miezi. Kaa na mzee, mtaje mmoja mmoja kutoka kushoto, majina ya ukoo na ya utani, na uyaandike nyuma ukingoni kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama inayotokeza mbele. Karatasi yenye mgongo wa plastiki haishiki penseli. Andika kwenye bahasha ya karatasi na uiweke humo.

Na kijana wa steshenari aambiwe mapema, kabla hajafungua programu yake: skani kwa 1200, chapa A4, uso wa bibi usiuguse.