Zege lilivyoidanganya mashine yangu ya sukari

Yaani nilikuwa najisifu kabisa. Saa mbili usiku nimekula zege, yaani chipsi mayai, chipsi za kwenye yale mafuta ya mtaani yaliyokaangiwa tangu asubuhi, mayai mawili, kachumbari pembeni, nikasubiri masaa mawili kama tunavyofundishwa kliniki, nikatoboa kidole, mashine ya sukari ikasoma 7.8 mmol/L. Nikaipiga picha nikamtumia dada yangu, "unaona sasa, viazi havina ugomvi na mimi". Saa saba usiku naamka kwenda chooni mara ya pili, nikapima kwa umbea tu, 11.9. Nikarudia na kidole kingine maana nilidhani mashine ina wazimu.

Mashine haina wazimu. Mafuta yakishafika utumbo mwembamba na kumeng'enywa, utumbo unamwaga homoni, kuna CCK, kuna GLP-1 ambayo sindano za kupunguza unene zinaiga, na hizo homoni zinaliambia tumbo lipunguze mwendo, kwa hiyo viazi vinatoka kidogo kidogo na sukari haijapotea popote, iko kwenye foleni. Mwaka 2006 watafiti wa Adelaide kule Australia waliwapa wagonjwa wa kisukari aina ya pili mililita 30 za mafuta ya zeituni nusu saa kabla ya kula viazi vya kuponda, kilele cha sukari kikachelewa. Na wanaojidunga insulini hili wanalijua vizuri, mlo wa mafuta mengi unaweza kupandisha sukari masaa kadhaa baadaye wakati sindano imeshaisha nguvu.

Sasa kinachonikera mimi ni huu ubishi wa mitandaoni, huyu anasema punguza mafuta, yule wa keto, ile lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo, anasema mafuta hayapandishi sukari kula tu, na wote wawili wanahesabu gramu kana kwamba mafuta ni kitu kimoja. Hao hao wa Adelaide waliwahi kuwapa watu mlo wenye mafuta pamoja na orlistat, dawa inayozuia kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na tumbo likaenda mbio, GLP-1 ikapungua, sukari ikapanda zaidi. Gramu zile zile! Mafuta yasipovunjwa utumbo hausikii kitu.

Chukua karanga. Ukitafuna za kukaanga, mafuta mengi yamefungiwa ndani ya kuta za seli, meno yanavunja baadhi tu na yaliyobaki mengine yanatoka na choo kama yalivyoingia. Ukizisaga ziwe siagi ya karanga, kuta zimeshapasuka, mafuta yako wazi. Kwa lozi walipima kabisa, wizara ya kilimo ya Marekani mwaka 2012, gramu 28 ambazo kwa hesabu ya kawaida zina kama kalori 170, mwili ukapata 129. Hata urefu wa mnyororo wa kaboni unaojenga mafuta una neno lake, CCK inaamshwa na mafuta yenye kaboni 12 kwenda juu, na tui la nazi karibu nusu ya mafuta yake ni hiyo 12 yenyewe, yaani limesimama mlangoni kabisa, kwenye mpaka wenyewe wa kuiamsha au kutoiamsha. Sijui kwa nini wali wa nazi unawekwa kapu moja na chipsi.

Najua stripu za kupimia ni ghali, na ndiyo maana wengi tunapima mara moja tu. Ila kama nikiwa na mbili tu za siku hiyo na nimekula vitu vya kukaanga, ya kwanza naweka saa la pili baada ya kula na nyingine saa la nne au la tano, ya asubuhi naisamehe. Wali mkavu na maharage siuhangaikii hivyo, ule kwangu unapanda mapema na nikilala umeshashuka.

Ijumaa nimerudia zege, fundi yule yule, mayai mawili. Saa la pili 8.1, saa la nne 11.4. Safari hii dada nimemtumia picha zote mbili, akajibu na emoji ya kucheka tu.