"Unarudi lini?"

Corona ilinikuta Dar mwaka 2020, nalinda geti la hoteli isiyo na wageni. Sasa nimerudi zangu kwetu Bahi, Dodoma, nimetulia: ugali wa uwele, mlenda, upepo wa jioni. Kumbe utulivu nao una wenyewe! Nikisalimia tu "Mbukwenyi", hata kuitikia hawajamaliza, swali limeshafika: "Unarudi lini mjini?" Jana bibi mmoja kaniuliza njiani, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Nikamwambia, sirudi, bibi. Akanitazama kuanzia ndala hadi kofia, akaguna: "Wamekufukuza, mjukuu wangu?" Jamani, mtu harudi kwao mpaka afukuzwe? Na ni haohao waliokuwa wakinipigia simu enzi zile: "Rudi, utafia huko!"