Kwaresima na mwendo wa darasa: nini kipunguzwe, nini kisiguswe

Kwaresima ikikaribia, hoja moja hurudi katika shule za msingi za Kikristo: je, darasa nalo lipunguze mwendo? Wanaotaka hivyo wanasema siku 40 za toba haziendani na mbio za kumaliza silabasi. Wanaopinga wanauliza mada zitakazorukwa atazifundisha nani, na lini. Kila upande una haki yake, ila mmoja unazungumzia kasi ya kufundisha na mwingine wingi wa mada.

Tuanze na kasi, maana hapo ndipo faida ilipo. Chukua kutoa kwa kukopa. Mtoto anapewa 52 − 27, anaandika 35. Huo si uzembe. Kwenye mamoja ameona 2 haitoshi kuondoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Mwalimu mwenye haraka anaandika jibu ubaoni na kusonga mbele. Wiki ijayo kosa ni lilelile, sasa limehamia kwenye mamia. Mwalimu aliyetulia anampa mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili pembeni, kisha anamwambia afungue fungu moja. Yamebaki mafungu manne na vijiti 12. Akiondoa 7 vinabaki 5, akiondoa mafungu mawili yanabaki mawili: 25. Kazi hiyo inaweza kula kipindi kizima, lakini bila hiyo kugawanya kwa njia ndefu kutamshinda, kwa kuwa kila hatua yake ina kutoa ndani yake.

Ukimya nao una kazi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujitokeza kujibu. Badiliko hilo halidai fedha wala kitabu kipya, na halimgusi mtoto wa dini nyingine kwa namna yoyote ya kumkwaza.

Hofu ya wapinzani, hata hivyo, ni ya kweli kabisa kwenye kusoma. Anayejifunza kusoma anahitaji mazoezi ya kila siku kwa sauti. Akikosa, anarudi kuunganisha silabi mojamoja, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Kwa hiyo kipindi cha kusoma kisikatwe kwa ajili ya ibada. Ibada ya Njia ya Msalaba ya Ijumaa ipangwe baada ya vipindi. Darasa la mtihani wa mwisho pia lisipunguziwe mada hata moja.

Chakula nacho kisiguswe. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kufunga huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na ya kuacha nyama huanzia miaka 14. Kumnyima mtoto wa darasa la pili uji wa saa nne hakumfundishi toba. Kunamwondolea umakini tu.

Kinachofaa kupunguzwa, kwa maoni yetu, ni rundo la kazi za nyumbani. Badala ya maswali 20 ya aina moja, yatolewe 6, na katika moja mtoto aeleze kwa maneno yake alivyopata jibu. Maelezo hayo ndiyo yanayomwonyesha mwalimu kosa lilipojificha.

Yote haya yapangwe mapema, maana Pasaka ya Makanisa ya Magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, hivyo Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, inaweza kuwa Februari 4 au hata Machi 10. Mwalimu wa taaluma aketi na walimu wa madarasa wachague mada moja ngumu kwa kila darasa: pengine kutoa kwa kukopa darasa la tatu, hesabu za sehemu darasa la tano. Watoe jaribio la maswali matano kabla ya Kwaresima na jingine la aina hiyohiyo kabla ya Juma Kuu, juma la mwisho kabla ya Pasaka, wakilinganisha makosa yenyewe na si alama pekee. Mtoto anayeendelea kugeuza tarakimu arudishwe kwenye vijiti kabla hajapewa mada inayofuata.