Anayesifia Nyumba ya Magogo Apewe Brashi

Kila mgeni akiingia kwetu husema neno lilelile: "Jamani, nyumba tulivu hii!" Kisha anaupapasa ukuta kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Mimi natabasamu, meno yote nje, huku moyoni najiuliza: huyu nimpe brashi sasa hivi au nimwache kwanza avue viatu?

Nyumba yetu ni ya magogo. Magogo kweli, yaliyolazwa moja juu ya jingine, si tofali lililobandikwa mbao usoni. Mke wangu alitaka tofali. Nikamwambia tofali halina roho. Basi nimepata nyumba yenye roho, na roho yenyewe mbaya.

Utulivu gani? Usiku gogo linapasuka PWAA! Naruka kitandani, namtafuta mwizi uvunguni. Asubuhi mwizi haonekani, unaonekana ufa. Na waliotufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kulala ndani ya magogo. Mwaka wa kwanza niliziba kila ufa niliouona, mpaka vidole vikagandana. Kumbe magogo yalikuwa bado yanakauka. Yakazidi kusinyaa, nyufa zikapanuka, gundi ikabaki inaning'inia kama kamasi za mtoto. Ndipo fundi mmoja mzee akaniambia, kwa ule upole unaouma kuliko tusi, kwamba ufa unaotazama chini hauna neno, uache. Mbaya ni ule unaotazama juu, kwa sababu unakinga mvua kama bakuli, na maji yakishatuama humo kuvu hawangoji mwaliko.

Mti wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Hesabu hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu. Siku hizi nazunguka nyumba na kipima unyevu kama daktari wa zamu, na bisibisi ya kudungia gogo la chini kabisa, lile linalorukiwa na matone ya mvua kutoka ardhini. Bisibisi ikigota, nashukuru. Ikizama, nakaa chini palepale nipate pumzi.

Habari ya vanishi sitaki kuisema, lakini nitaisema. Nilitaka nyumba ing'ae, nikaipaka vanishi nzito. Ikafungia unyevu ndani, ikaanza kubanduka magamba kama mjusi anayejivua ngozi. Nikatafuta mashine ya kuoshea ya presha, nikaifungulia mpaka mwisho. Vanishi ilitoka, nakiri. Ilitoka pamoja na nyama ya mti, ukuta ukaota manyoya. Nikapiga msasa mpaka nikasahau mikono yangu ilikuwa na rangi gani. Sasa napaka ile ya mafuta inayopenya na kuuacha mti upumue, nayo inataka kurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Upande unaochomwa na jua kutwa hauna hata subira hiyo. Kujua kama wakati umefika, unaurushia ukuta maji. Yakisimama matone, kapumzike. Yakinywewa, tafuta ngazi. Zamani mke wangu akinikuta naumwagia ukuta maji alikuwa anauliza. Ameacha.

Halafu kuna wapangaji. Nyuki mmoja mweusi, mnene, ana kelele kama pikipiki mbovu, anatoboa tundu la duara utadhani ameazima keekee. Anataga humo ndani. Kigong'ota naye anagundua kuna mabuu, anakuja kubomoa ukuta kuwafuata. Yaani nyuki kajenga bila kibali, ndege kaja kumbomolea, na gharama za kesi nalipa mimi.

Lakini yote hayo ni maji kwa glasi ukilinganisha na mlango wa chumbani. Aliyejenga aliacha pengo juu ya kila mlango, akalifunika kwa ubao. Siku moja nikaubandua, nikaona mkono unapita. Nikasema, huyu mtu kapima vibaya akaficha! Nikachonga vipande vya mbao ngumu, nikavishindilia kwa nyundo, nikarudi nyuma hatua mbili kujitazamia kazi yangu. Wala sikumuuliza mtu. Kumbe gogo bichi likikauka halipungui urefu, linapungua unene. Ukuta mzima unashuka, hadi sentimita 6 kwa kila mita ya kimo, taratibu, kwa miaka kadhaa. Lile pengo ndilo lililotengwa ili nyumba ipate pa kushukia. Nilipoliziba, nyumba ikaushukia mlango.

Nimeupiga randa mlango huo mara tatu. Mara ya nne mke wangu aliificha randa.

Juzi akaja shemeji. Akapapasa ukuta, akasema neno lao lile. Kisha akanipa somo: eti nyumba za mbao hudumu, kuna kanisa la Borgund huko Norwei limesimama tangu mwishoni mwa karne ya 12. Najua, nikamwambia, na linapakwa lami ya msonobari, watu wanapokezana kizazi kwa kizazi. Mimi nampokeza nani? Kijana wangu akiona brashi tu anakumbuka ana mtihani.

"Lakini hii yako haikusumbui, eti?" akauliza.

Mwanamume hawezi kujibu swali kama hilo mbele ya shemeji yake. Nikakunja nne. "Hata kidogo."

Sauti ikatoka chumbani, tulivu kama nyumba yenyewe: "Kaka, ukimaliza kusikiliza, zunguka nje kwenye dirisha unishike mkono nitoke. Na huyo mwambie aache kuegemea ukuta."