Mwaka Si Lazima Utangulie

Chukua daftari la historia la mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, usome aya moja tu ya Kiingereza chake. Karibu kila sentensi inaanza na mwaka. "In 1858, Burton and Speke came to Lake Tanganyika. In 1871, Stanley came to Ujiji. In 1914, the railway came to Kigoma." Sarufi haina kosa. Mtoto kapatia kitenzi, kapatia kihusishi, na mkato kauweka mahali pake. Lakini ukifika mwisho wa aya hujasimuliwa kitu, umesomewa kalenda.

Mimi huwasaidia vijana wa mtaani kwetu masomo ya jioni, na msimamo wangu ni huu: kirai kihusishi (yaani fungu la maneno linaloanza na kihusishi, kama "In 1871") kinachotangulia sentensi ya wakati uliopita tumekigeuza kuwa mazoea, ilhali kina kazi yake. Kinamwambia msomaji kwamba kuna kitu kimehama. Tumeingia wakati mwingine, au mahali pengine, au imejitokeza sababu ambayo hatukuwa nayo. Kama hakuna kilichohama, kirai hicho kikae nyuma au kisiwepo kabisa.

Najua walimu wengi watanipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mwaka ukitangulia, mtoto hapotezi njeo, yaani wakati wa kitenzi: akishaandika "In 1915", kitenzi kinajipanga chenyewe. Kwa "in" nakubali. "In 1915, the Germans launched the Graf von Goetzen at Kigoma" ni sentensi safi, na meli hiyo ndiyo hii tunayoiita Liemba. Shida inaanza kihusishi kinapobadilika. "By 1914, the railway had reached Kigoma" inadai "had", kwa sababu tumesimama 1914 tukitazama kazi iliyokwisha kufanyika. "Since 1914, Kigoma has had a railway" inadai "has", kwa sababu reli bado ipo. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba mwaka mbele maana yake ni wakati uliopita, basi, ataandika "Since 1914, Kigoma had a railway", na msomaji atabaki anajiuliza kama reli yetu ilishang'olewa. Kwa hiyo kinachoamua kitenzi ni kile kineno kidogo kinachoutangulia mwaka, na huko ndiko macho ya mtoto yangepaswa kuelekezwa.

Meli hiyo hiyo inafaa kwa somo jingine. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili adui asiipate, na Waingereza wakaiibua 1924. "After 8 years, the British raised the ship" ni sawa. Andika "In 8 years, the British raised the ship" na umesema kitu tofauti kabisa, kwamba kazi ya kuiibua iliwachukua miaka minane mizima. Miaka ni ile ile na kitenzi ni kile kile.

Turudi kwenye nafasi, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Weka sentensi mbili bega kwa bega: "On 26 July 1916, the Germans sank their own ship" na "The Germans sank their own ship on 26 July 1916." Ukweli ni mmoja. Ila ya kwanza inajibu mtu aliyeuliza siku ile kulitokea nini, na ya pili inamjibu aliyeuliza ni lini. Kiingereza hupenda kuweka habari mpya mwishoni, na kilichokwisha julikana mwanzoni. Sasa mtahini anauliza meli ilizamishwa lini, mtoto anaanza jibu kwa tarehe kisha anamalizia kwa meli ambayo mtahini mwenyewe keshaitaja. Alama atapata, sibishi. Lakini hapo amekariri mpangilio bila kusikiliza swali.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini halifundishwi wazi: kirai kimoja kinaweza kubeba aya nzima. Chukua mkutano wa TANU wa Tabora. "In January 1958, TANU met in Tabora. The delegates argued about the tripartite vote. Nyerere persuaded them to take part. Zuberi Mtemvu left and formed his own party." Mwezi na mwaka vimetajwa mara moja tu, na sentensi tatu zinazofuata zinaishi chini ya paa lile lile. Hakuna atakayedhani mabishano ya kura tatu, ile ya kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, yalifanyika mwaka mwingine. Mwanafunzi wetu angerudia "In 1958" kila mstari, na kila akirudia msomaji angesimama kidogo akidhani tumeruka kwenda mahali papya.

Halafu nani alisema nafasi ya mbele ni ya mwaka peke yake? Stanley alikwama Tabora mwaka 1871 kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa pale na njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Ilimbidi azunguke kusini. Vitabu vingi vya shule huandika "In 1871, Stanley travelled from Tabora to Ujiji", na Mirambo hayumo. Jaribu hivi: "Because of Mirambo's war, Stanley took a southern route to Ujiji." Mwaka umeondoka, sababu imeingia mahali pake, na ghafla Mnyamwezi mmoja ndiye anayeamua mzungu apite wapi. Kwangu mimi hiyo ni historia bora kuliko ile ya kwanza, na haikuhitaji maarifa mapya, ilihitaji tu mtu kujiuliza ni kipi kinachostahili kutangulia. Huwaambia vijana wajaribu "Despite", wajaribu "Without", wajaribu "Like". "Without porters, no caravan reached the lake." Mtoto wa Tabora au wa Kigoma akiandika hivyo, mababu zake wameingia kwenye sentensi kabla ya msafara wenyewe.

Virai vya mahali ni rahisi zaidi kwetu. "Under a mango tree stood two men" humshangaza mtu aliyeambiwa kwamba kiima cha Kiingereza hakitoki mbele kamwe, lakini sisi husema kila siku "chini ya mwembe walisimama watu wawili", kwa hiyo hapa lugha yetu inasaidia. Ila mpangilio huu wa kiima kuja nyuma ya kitenzi usitumike ovyo: hufaa kwa vitenzi vya kuwepo, kusimama, kutokea, kulala. Kwa kitenzi chenye mtendwa haufai.

Hatari kubwa ni kirai kinachokosa mwenyewe. "After walking for months from the coast, Livingstone was found in Ujiji." Nani alitembea miezi kutoka pwani? Ni Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi. Sentensi lakini imempa Livingstone hiyo safari, na ubaya unazidi kwa kuwa mzee naye alikuwa ametoka kutembea, tena akitokea upande wa pili, Manyema, amechoka na hana kitu. Msomaji asiyejua ataamini moja kwa moja. Ukiweka "After" na kitenzi chake mbele, kiima kinachofuata mkato lazima kiwe yule yule mtendaji: "After walking for months from the coast, Stanley found Livingstone in Ujiji."

Kuhusu "in" ya mwaka na mwezi, "on" ya siku, "at" ya saa, sina la kuongeza, yameandikwa kila mahali. Isipokuwa moja: asubuhi ni "in the morning", lakini asubuhi ya siku iliyotajwa ni "on the morning of 10 November". Wengi huliacha hilo, hata watu wazima wenye vyeti.

Na mkato? Baada ya kirai kifupi, wapo wanaouweka na wapo wanaouacha, wote wako sawa, na sioni sababu ya mwalimu kumkata mtoto alama kwa "In 1914 the railway reached Kigoma." Kirai kikiwa kirefu, uwekwe. Namba zikigongana, uwekwe bila mjadala: andika "In 1960 26-year-old Jane Goodall arrived at Gombe" bila mkato, umpe mtu asome kwa sauti, usikilize atakapofika kwenye zile namba mbili.