Mashine ya kupakia unga: hesabu ianzie kwenye gramu

Mwenye kiwanda cha sembe akitaka mashine ya kupakia unga kwenye mifuko, hesabu ya kwanza anayopiga ni ya vibarua: wako sita, nitabaki na wawili. Hesabu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Chukua kiwanda cha kati kinachosaga tani 30 kwa siku na kuuza mifuko ya kilo 5. Hiyo ni mifuko 6,000. Anayejaza kwa mkono anaogopa kupunja, maana Wakala wa Vipimo wakikuta upungufu lawama itamrudia yeye, kwa hiyo anazidisha kidogo. Tuseme gramu 40 kila mfuko. Kilo 240 zinatoka getini kila siku bila kulipiwa. Mashine inayopima kwa uzito ikishusha ziada hiyo hadi gramu 10, unaokoa kilo 180; kwa bei ya mfano ya shilingi 1,200 kwa kilo, ni shilingi 216,000 kwa siku. Vibarua wanne wanaolipwa 10,000 kila mmoja ni 40,000. Weka bei zako mwenyewe uone pesa iko wapi.

Anayepinga mashine naye ana hoja hapo hapo: ziada inaweza kupungua bila kununua chochote. Kabla ya kuomba bei kwa muuzaji yeyote, pima mifuko 30 kila zamu kwa wiki mbili, toa uzito wa mfuko mtupu, kisha uandike wastani na tofauti kati ya mzito kabisa na mwepesi kabisa. Kama mifuko yote imezidi kwa kiasi kinachokaribiana, mizani imekosea au msimamizi ameagiza hivyo, rekebisha, yaishe. Kama mmoja una gramu 5,090 na wa pili 4,985, tatizo ni mkono wa binadamu kuchoka, na hapo mashine ina kazi ya kufanya.

Swali linalofuata ni kasi, na hapa ndipo wengi hununua kikubwa mno. Tani 30 kwa saa 10 ni tani 3 kwa saa, yaani mifuko 10 kwa dakika. Mashine inayofunga mifuko 25 kwa dakika inapakia tani 7.5 kwa saa. Kinu hakitailisha, itasimama zaidi ya nusu ya siku huku mkopo wake ukitembea. Kwa kiwanda cha ukubwa huu, mizani mbili za nusu otomatiki, ambapo mtu anashika mfuko na mashine inajaza na kukata unga uzito ukitimia, zinatosha zikitoa mifuko mitano au sita kila moja kwa dakika. Otomatiki kamili, inayotengeneza mfuko kutoka kwenye roli ya plastiki, inaanza kuwa na maana kwa vifungashio vya kilo 1 na 2, ambako idadi ya mifuko ni kubwa.

Jihadhari na mashine ya bei nafuu inayojaza kwa skrubu peke yake, yaani parafujo kubwa inayozunguka na kusukuma unga. Skrubu inahesabu mizunguko, haihesabu gramu. Asubuhi unga wa jana umetulia kwenye hopa, chombo cha juu kinacholisha mashine. Saa nne unaingia unga mpya wa moto uliojaa hewa, na mizunguko ileile inatoa uzito pungufu. Dawa ni mizani chini ya mfuko: mashine inamwaga haraka hadi karibu asilimia 90, inamalizia polepole, na inakata kabla ya kufika kilo 5 kwa sababu kuna unga ambao bado uko njiani kudondoka. Kina cha unga kwenye hopa nacho kisiwe cha kupanda na kushuka.

Mizani nzuri pia hudanganywa. Ikikaa sakafu moja na kinu, inasoma mtikisiko. Bomba la kufyonza vumbi likifungwa karibu mno na mfuko, linauvuta juu na uzito unaonekana mdogo, kwa hiyo mashine inazidisha. Ndiyo hasara uliyotaka kuiondoa. Bomba lenyewe huwezi kuliacha, maana vumbi la unga hewani linaweza kulipuka likipata cheche. Liwepo, lisiguse mizani, na kila chuma kiunganishwe na waya wa ardhi.

Mifuko ikianza kufunguka, opereta huongeza joto la kuzibia hadi plastiki inaungua. Mara nyingi kosa ni vumbi kwenye mdomo wa mfuko: punguza kasi ya kumwaga na usafishe taya za kuzibia.

Pwani, adui mkubwa ni maji kwenye upepo wa kompresa unaosukuma vali za mashine. Yakifika kwenye vali na kukutana na unga, yanatengeneza uji. Kikausha hewa kisiachwe kwa kubana bajeti, tangi litolewe maji kila asubuhi, na matawi ya bomba yachukuliwe kutoka juu ya bomba kuu, si chini. Kwa umeme, weka kifaa kinachokata mota fezi moja ikipotea, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ndogo ya PLC pekee, ile kompyuta inayoongoza mashine.

Mkataba utaje nywila ya PLC, nakala ya programu na michoro ya umeme. Bila hivyo, kubadili uzito wa mfuko tu kutahitaji kumwita muuzaji. Zuia sehemu ya malipo hadi mashine ifanye zamu tatu kamili kwa unga wako na mifuko yako. Vipuri vya kuchakaa (hita, visu, vitambaa vya tefloni, vali, mipira ya silinda, kihisi kimoja cha uzito) vije kwenye kontena lilelile la mashine. Mizani za mkono usiziuze kwa miezi sita.

Suala la watu halimaliziki kwa kusema watahamishiwa kitengo kingine. Kericho, Kenya, Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na waandamanaji waliolalamika kwamba zinawanyang'anya ajira. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu na afanye mashauriano kabla. Nje ya sheria kuna sababu ya kiufundi: mjazaji wa miaka mitano anautambua unga wenye unyevu kwa kuushika, jambo ambalo opereta mpya hulijua baada ya hopa kuziba.

Hoja nzito zaidi ya kubaki na mikono ni msimu. Mahindi yakipanda bei, kinu kinasaga siku tatu kwa wiki. Kibarua humlipi siku asiyokuja, lakini benki inadai rejesho lake lilelile. Kwa hiyo piga hesabu upya ukiweka miezi minne ya uzalishaji nusu, bila kuingiza hata shilingi moja ya mishahara. Gramu peke yake zikilipa rejesho, agiza.