Meza Moja, Majenerali Wawili

Pale Mpondwe, upande wa Uganda, mpakani na Kasindi ya Kongo, mama mmoja anayeuza samaki wakavu aliniuliza: "Mwanangu, askari akinichukulia mzigo upande ule, nimshtaki kwa nani? Kwa afande wetu au afande wao?" Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo linalonirudia kila nikisikia makao makuu ya pamoja ya kijeshi ya Uganda na Kongo yakisifiwa.

Operesheni Shujaa ilianza tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu kulipuka katikati ya Kampala. Jeshi la Uganda, UPDF, na jeshi la Kongo, FARDC, waliungana kuwasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda waliojificha mashariki mwa Kongo. Kila jeshi lilibaki na kamanda wake, kisha wakaweka uratibu wa pamoja wa kugawana taarifa na kupanga mashambulizi.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito, na mfano wao uko Kisangani, ndani ya Kongo. Mwaka 2000 Uganda na Rwanda walikuwa na majeshi ndani ya mji mmoja, marafiki kwa jina tu, bila amri moja juu yao. Mwezi Juni wakapigana kwa siku sita, mizinga ikaangukia nyumba za watu, na mamia ya raia wakafa. Uratibu wa kweli, hata kama ni simu moja tu inayopokewa usiku, ungeweza kuzuia mengi.

Lakini kukaa pamoja hakutoshi. Desemba 2008 Uganda, Kongo na Sudan Kusini walishambulia kambi za Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA kutoka Uganda, kwenye mbuga ya Garamba huko Kongo. Kony akaponyoka, na wapiganaji wake wakaua mamia ya wanavijiji wakati wa Krismasi, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuwalinda. Mwaka 2012 Umoja wa Afrika ukaanzisha kikosi cha nchi nne cha kumsaka, makao yake yakiwa Yambio, Sudan Kusini, na kamanda akitoka Uganda. Kwenye karatasi kilikuwa na askari 5,000. Mwaka 2017 Uganda ikarudisha wanajeshi wake nyumbani. Kony hajakamatwa.

Hadithi ya Shujaa inafanana na hiyo kwa namna inayotisha. ADF walisukumwa kutoka ngome zao za Beni, baadhi wakahamia Mambasa na Lubero, na mauaji yakawafuata huko. Juni 2023, mwaka mmoja na nusu tangu uratibu uanze, washambuliaji walivuka mpaka wakaingia shule moja ya sekondari pale pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Serikali inasema bila operesheni hali ingekuwa mbaya zaidi. Huenda. Ni hoja isiyopimika.

Jambo moja linaloenda vizuri ni lugha. Jeshi la Uganda limerithi Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mashariki mwa Kongo watu wanakizungumza sokoni na kanisani. Mganda wa Kiingereza na Mkongo wa Kifaransa wanaweza kuelewana bila mkalimani. Raia wa Kampala aliyekichukia Kiswahili kwa kukumbuka askari wa Amin atashangaa.

Kuaminiana ni kitu kingine. Februari 2022, operesheni ikiwa na miezi miwili tu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaituhumu Uganda kuwasaidia M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kongo, tuhuma ambazo Kampala inakanusha. Ofisa wa Kongo anayekaa meza moja na mwenzake wa Uganda anajua hayo yote, na nadhani kuna ramani ambazo hazifunui.

Kwa hiyo mimi nauunga mkono uratibu, ila nauona nusu. Waligawana taarifa na mashambulizi. Malalamiko ya raia hayakugawanywa kwa yeyote, na mama wa samaki bado anavuka kwenda Kasindi bila kujua mlango wa kubisha.